Mungu Ni Mwaminifu Hata Usiku wa Giza

Masomo: Maombolezo 3:19–26, Luka 5:1–11



Tukikutana sokoni Musoma, au stendi ya Bunda tukingoja gari, au njiani Butiama tukitoka shamba, twaulizana, "Habari za siku nyingi?" Na jibu letu Wakristo ni lile lile: "Mungu ni mwema, ametulinda." Ni jibu zuri. Lakini sisi tuliosimama mbele ya ubao karibu miaka arobaini twajua kwamba mwanafunzi aweza kulikariri jibu bila kulielewa, na siku swali likigeuzwa kidogo tu hushindwa. Je, siku mvua za vuli zikikatika na mahindi yakauke yakiwa yameanza kubeba, jibu letu litakuwa lile lile? Siku mwenye duka akikataa kuandika deni jingine? Siku mtumbwi usiporudi mwaloni?

Hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja mwezi huu. Je, Mungu ni mwaminifu katika siku zetu za kawaida, na siku zetu mbaya, au ni mwaminifu katika nyimbo tu?

NENO LENYEWE

Tuanze na neno lenyewe, kama ilivyo desturi ya walimu. Maneno yetu amini, imani, amana na mwaminifu yana asili ya Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, lugha ya Agano la Kale. Katika Kiebrania shina hilo hilo lina maana ya kitu kilicho imara, kisichotikisika, ambacho mtu aweza kukiegemea kwa uzito wake wote. Na lile neno tunalofungia sala zetu, Amina, limetoka katika shina hilo hilo. Basi kila tusemapo Amina, hatusemi tu "tumemaliza". Twasema, "Hapa pana nguzo, nasi twaiegemea."

Tena liko jambo la ajabu katika Kutoka 17. Waisraeli walipopigana na Waamaleki, Musa alikaa juu ya kilima mikono yake ikiwa imeinuliwa. Ikachoka. Haruni na Huri wakamketisha juu ya jiwe, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, nayo ikawa imara mpaka jua likachwa. Neno la Kiebrania lililotumiwa hapo kwa mikono ya Musa ni lile lile linalotumiwa mahali pengine kwa uaminifu wa Mungu. Kwa hiyo uaminifu, kadiri ya Maandiko, ni mkono usiolegea mpaka jioni. Tulikumbuke hilo, maana tutalirudia mwishoni.

KITABU CHA MACHOZI

Wengi wetu tunaipenda ile sehemu ya Maombolezo 3 isemayo kwamba huruma za Bwana hazikomi, bali huja upya kila kukipambazuka. Twaiimba, twaiandika ukutani, twaiweka katika kadi za harusi. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba haikuandikwa harusini. Iliandikwa karibu na magofu. Wababeli walikuwa wameuteketeza Yerusalemu karibu mwaka 587 kabla ya Kristo. Hekalu limeungua, watoto wanaomba chakula barabarani wala hapana wa kuwapa.

Mwalimu wa darasa la kwanza atakipenda kitabu hiki, kwa sababu kimepangwa kwa alfabeti. Kiebrania kina herufi 22. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne kila moja ina aya 22, na kila aya yaanza na herufi inayofuata, kana kwamba mwombolezaji analia kutoka A mpaka Z asiache hata herufi moja. Sura ya tatu ina aya 66, yaani tatu tatu kwa kila herufi. Na yale maneno ya matumaini tunayoyapenda yako katikati ya sura hiyo ya katikati. Juu yake machozi, chini yake machozi. Sura ya tano ina aya 22 vilevile, lakini mpangilio wa herufi umevunjika, na kitabu chamalizika kwa swali ambalo halikujibiwa.

Twajifunza nini? Kwamba Neno la Mungu halimkatazi Mkristo kulia. Aliyeandika habari za uaminifu wa Mungu hakuwa mtu aliyeshiba akikaa kivulini. Alikuwa mtu aliyepoteza karibu kila kitu, akatazama jua likichomoza juu ya majivu, akaona kwamba bado yupo, na Mungu bado yupo pamoja naye. Hakusema kwamba hali imekuwa njema. Alisema kwamba Bwana ndiye fungu lake, naye atamngoja.

MANA NI YA LEO

Baadhi yetu tulikuwa wanafunzi hapa Mara mwezi Novemba mwaka 1974, wakati Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kutoa lile Azimio la Musoma, kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Watoto walimiminika. Madarasa hayakutosha, walimu hawakutosha, na wengi walisomea chini ya miembe. Nasi tulipotoka chuo cha ualimu miaka michache baadaye tulipangiwa shule zilizokuwa bado na hali hiyo. Kipande kimoja cha chaki tulikivunja mara tatu ili kifike Ijumaa.

Wenye umri wetu hawataisahau miaka ile iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari haikuonekana. Sabuni haikuonekana. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na kwenye duka la ushirika watu walipanga mawe na vikapu foleni tangu alfajiri, kila mmoja akiliwekea jiwe lake nafasi. Mshahara wa mwalimu ulichelewa, na ulipofika haukuwa na cha kununua.

Hata hivyo tulikula. Si kwa wingi, ila tulikula. Mzazi mmoja alituma mtoto na udaga ndani ya kikapu. Mwingine dagaa kidogo. Mama mmoja mjane alileta viazi vitamu vitano, akaomba radhi kwamba ni vichache. Wakati ule hatukuiita miujiza. Tuliona ni aibu, mwalimu kulishwa na wazazi wa wanafunzi wake. Leo, tukiisoma Kutoka 16, twaona kwamba ilikuwa mana. Mana haikushuka kwa gunia. Ilishuka kiasi cha siku moja, na aliyejaribu kuiweka akiba mpaka kesho yake aliikuta imeota mabuu. Bwana Yesu naye katika ile sala aliyotufundisha hakutuambia tuombe chakula cha mwaka mzima. Alitufundisha kuomba cha leo.

Hatusemi kwamba Mkristo asiweke akiba. Mwenye shamba Bunda asiyeacha mbegu ya msimu ujao si mtu wa imani, ni mzembe. Tunachosema ni kwamba tusiufanye uhakika wa ghala kuwa ndio uhakika wa Mungu. Ghala likiwa tupu, Mungu hajawa mtupu.

JIRANI YETU WA BUTIAMA

Mkoa wetu una mfano ambao watoto wetu wanapelekwa kuuona Butiama, lakini mara nyingi wanaonyeshwa mwisho wake tu. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, mjini Musoma, mbali na nyumbani. Alikuwa Mkatoliki, si wa dhehebu letu, lakini mtu mwaminifu ni mali ya wote.

Wengi wanamjua Rais. Sisi tungependa mmkumbuke yule kijana wa mwaka 1955. Alikuwa anafundisha Pugu, ana mke na mtoto mchanga, ana mshahara wa uhakika. Akatakiwa achague kati ya ualimu na kazi ya TANU. Akaacha kazi, akarudi nyumbani. Katika miezi ile alijipatia riziki kwa kumfundisha padri mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Fikirini, ndugu: mtu aliyesoma Makerere na Edinburgh amerudi kijijini, hana mshahara wa serikali, anafundisha lugha ya mama yake neno kwa neno. Majirani walisema nini? Mnajua wenyewe majirani husema nini.

Hakujua kwamba tarehe 9 Desemba 1961 nchi itapata Uhuru naye akiwa Waziri Mkuu wake. Wala tusiihubiri habari hii kana kwamba Mungu alimlipa cheo kwa sababu aliacha mshahara. Wako wengine wengi walioacha kazi zao miaka ile kwa ajili ya wenzao, na hawakuwa mawaziri wala marais; walirudi kulima mihogo, na makaburi yao yamo vijijini mwetu hayana hata jiwe. Mungu hakuwa mwaminifu kwa mmoja akawasahau hao wengine. Mfano wa mwaka 1955 unatufundisha jambo moja tu: mtu aweza kufanya lililo sawa leo, na kazi ndogo ya leo akaifanya vema, bila kuonyeshwa kesho. Hata baada ya kuacha urais tarehe 5 Novemba 1985 alirudi huko huko Butiama, akashika jembe. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 alizikwa huko.

TULIPOJARIBIWA SISI WENYEWE

Sasa ni haki tuseme na yaliyotupata sisi, maana ni rahisi kufundisha somo ambalo hujafanyia mtihani.

Tulistaafu mwaka 2020. Mnaukumbuka mwaka ule. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na ziwa nalo likapanda kupita lilivyopanda kwa miaka mingi, hata maji yakafunika mashamba na nyumba za kando. Bustani yetu ya mboga, tuliyoitegemea kwa ajili ya uzee, ikawa makazi ya vyura. Tukasema, si kitu, mafao yatakuja. Tukaenda kufuatilia. Ofisi iliyohusika ikatuambia jalada letu halionekani. Tulirudi mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, kila mara kwa nauli ya kukopa. Mtu aliyeandika majina ya watoto wa watu kwenye rejista kwa miaka yote hiyo, jina lake mwenyewe limepotea!

Mwaka uliofuata tukapata msiba. Mtoto wa marehemu dada yetu, tuliyemlea tangu akiwa darasa la pili, alikuwa mvuvi. Usiku mmoja dhoruba iliwakuta ziwani watu wanne. Wawili waliokolewa. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Tutasema kweli mbele ya washirika wenzetu. Baada ya mazishi tuliendelea kwenda kanisani. Tulikaa mahali petu, tuliitikia sala zote kwa sauti, tulikwenda kwenye Meza ya Bwana. Lakini nyumbani hatukusali. Karibu miezi mitano hatukusali. Tulikuwa kama mtu aliyegombana na jirani: anamsalimu hadharani, lakini hapiti kwake. Na watu walipotuambia, "Mungu ana makusudi yake," tuliitikia kwa mdomo, lakini ndani tulikuwa tunasema, "Mungu alikuwa wapi usiku ule?"

Hakuna aliyetujibu swali hilo. Hata leo halijajibiwa. Lakini kuna mtu alikuja. Ni mmoja wa wale wawili waliookolewa, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye hesabu zilimshinda kabisa shuleni. Kila walipotoka ziwani alileta debe dogo la dagaa, akaliweka barazani. "Shikamoo, Mwalimu. Dagaa hao." Hakuhubiri. Hakukaa. Siku moja tukamwita aketi, tukamwuliza kama amerudi kuvua usiku.

Akasema, "Nimerudi, Mwalimu. Naogopa, lakini nimerudi."

Tukamwambia, "Si ungengoja mbalamwezi, angalau uone?"

Akacheka kidogo, kwa heshima. "Mwalimu, mbalamwezini dagaa hawaifuati taa. Mbalamwezini tunashona nyavu tu. Kazi yetu ni giza."

Ninyi wa mwaloni mnajua hivyo tangu utoto. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala mchangani. Mwezi ukiwa umeandama au umefifia, ndipo mnaona taa zikitapakaa ziwani, zamani karabai na siku hizi taa za betri, kama mji uliojengwa juu ya maji. Tumeishi kando ya ziwa hili miaka yote, tumeziona taa zile mara elfu, lakini siku ile ndipo tulipofundishwa na mwanafunzi wetu.

Usiku ule tuliisoma tena Luka 5. Tulikuwa tumeifundisha katika kipindi cha dini mara nyingi, na kila mara tulikimbilia kwenye samaki: jinsi nyavu zilivyotaka kukatika, jinsi mashua zilivyolemewa. Safari hii tulisimama mapema zaidi. Petro na wenzake wamefanya kazi usiku kucha wasipate kitu. Wako ufuoni, wanaosha nyavu. Na Bwana Yesu anafanya nini kwanza? Anaingia katika mashua tupu. Anaomba aisogeze kidogo kutoka nchi kavu, anaketi humo, anafundisha watu. Samaki bado. Habari ya samaki inakuja baadaye. Na walipokwisha kuwapata samaki wale wote, wakawaacha pale pale ufuoni, wakamfuata. Basi samaki hawakuwa ndilo jambo kuu. Jambo kuu ni kwamba Bwana alikubali kuketi katika mashua ya watu waliofanya kazi bure.

Tukaelewa kidogo. Tulikuwa tunamngoja Mungu alete mafao, alete bustani, amrudishe kijana, ndipo tumwite mwaminifu. Kumbe alikuwa amekwisha kuingia katika mashua tupu, na alikuja na debe la dagaa barazani, mara baada ya mara, mkononi mwa mtu aliyekuwa na msiba ule ule na hofu ile ile. Jalada lilipatikana baadaye, na mafao tukayapata. Kijana hatukumpata, tunamngoja katika ufufuo. Lakini uaminifu wa Mungu haukuanza siku ya jalada. Tulianza kusali tena kabla ya jalada kuonekana.

MUNGU SI MFANYABIASHARA

Tunalisema hili kwa sababu ya mafundisho yanayozunguka siku hizi, hata mikoani kwetu. Mtu anaambiwa: toa kiasi hiki, nunua mafuta haya, kanyaga hapa, na Mungu analazimika kukujibu kabla ya mwezi kuisha. Usipopata, unaambiwa imani yako ni ndogo. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada walipokuwa wakiwania kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa yamebarikiwa. Tusiwacheke wala tusiwahukumu. Walikuwa watu wenye shida kama zetu: wagonjwa, wenye madeni, wenye watoto wasio na kazi. Walikuwa na kiu ya kweli, ila walionyeshwa kisima kisicho na maji.

Mungu si mfanyabiashara ambaye ukimpa shilingi anakupa bidhaa. Ni Baba aliyefanya agano. Mfanyabiashara hukuacha unapofilisika. Baba hukutafuta hapo hasa. Paulo alimwandikia Timotheo (2 Timotheo 2:13) kwamba hata sisi tukikosa uaminifu, yeye habadiliki, kwa sababu hawezi kwenda kinyume cha nafsi yake. Tazameni: uaminifu wake hautokani na ukubwa wa imani yetu. Miezi mitano tuliyonyamaza sisi, yeye hakunyamaza. Na uthibitisho wa mwisho si mvua wala mafao. Ni msalaba na kaburi lililo wazi. Mwanawe mwenyewe alilia gizani kwamba ameachwa, na siku ya tatu ikaonekana kwamba hakuachwa.

YATUPASA TUFANYE NINI?

Kwanza, tumrudie Mungu kila asubuhi, hata kwa maneno machache, hata kwa manung'uniko. Zaburi nyingi ni manung'uniko yaliyoelekezwa mahali panapostahili. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye; tulikosa sisi tulionyamaza. Kabla ya kushika jembe, kabla ya kuwasha moto wa chai, simama mlangoni, tazama kunakopambazuka, umshukuru kwa jambo moja tu la jana. Ukikosa jambo, mshukuru kwa pumzi.

Pili, tuwe waaminifu katika madogo. Hatuwezi kumsifu Mungu mwaminifu siku ya Jumapili na siku ya Jumatatu kuichezea mizani ya pamba, au kulowesha dagaa kwa mchanga ili debe lijae. Mwenye duka alikuamini ukachukua unga. Mlipe, au mfuate umwambie ukweli, usipite njia ya nyuma. Ninyi mlio maofisini, jalada lililo mezani kwako ni mtu. Nyuma ya karatasi hizo yupo mzee anayekopa nauli. Mwalimu kijana, ingia darasani hata siku ambayo mkaguzi haji.

Tatu, na hili ndilo zito, tuwe mikono ya Haruni na Huri. Mjane akisema kwamba Mungu amemsahau, tusikimbilie kumfungulia Biblia na kumsahihisha. Tujiulize kwanza: sisi tulikuwa wapi ndugu wa mumewe walipoichukua shamba lake? Mkoani kwetu, ifikapo Desemba, wako wasichana wanaotoroka usiku kwa kukimbia kukeketwa, jambo lililokatazwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1998. Msichana yule amesali njiani akitembea gizani. Sala yake hujibiwa vipi? Hujibiwa kwa mlango unaofunguliwa. Tumshukuru Mungu kwa nyumba za hifadhi zilizofunguliwa Mugumu, na Kiabakari hapa Butiama. Lakini kabla hajafika huko anapita kwanza milango yetu sisi. Je, akibisha kwako, wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa kanisa, ataweza kusema kesho yake kwamba Mungu ni mwaminifu? Au utamrudisha kwa baba yake, kwa sababu ni mila na wewe hutaki maneno na jamaa?

Twajua kwamba si rahisi. Baadhi yetu tulikwisha kuinyamazia mila hiyo tulipokuwa walimu, tukafuta jina kwenye rejista Januari, tukaandika "ameolewa", tukaendelea na somo. Mungu atusamehe. Hatukuwa waaminifu, naye alibaki mwaminifu. Ndiyo maana anatupa nafasi nyingine ya kufungua mlango.

MWISHO

Ndugu wapendwa, mtu akikuuliza wiki hii habari za siku nyingi, endelea kumjibu kwamba Mungu ni mwema. Lakini mwulize na yeye, tena umtazame usoni, ungoje jibu. Huenda amenyamaza miezi mitano. Na jioni, ukiwa kando ya ziwa wakati wa giza, zitazame zile taa. Kila taa ni mtu anayeogopa, na amekwenda. Mwombee. Kisha angalia barazani kwa nani pamekosa debe.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wa agano, usiyechoka hata jioni, twakushukuru kwa riziki ya leo. Wakumbuke walioko ziwani usiku huu, na wanaowangoja mwaloni. Wafariji waliozika watoto. Waonekanie wanaokuita gizani, na utupe sisi moyo wa kufungua milango. Utusamehe tulipolegeza mikono. Ingia katika mashua yetu tupu, uketi pamoja nasi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.